Ukurasa wa Kumi na Sita

Kazini wananiita Mkasi, na jina lenyewe nililipenda. Duka letu la vitabu halina mlango wala rafu, liko mtandaoni, na mteja anayetaka kujua kitabu kikoje anabonyeza kitufe kilichoandikwa Chungulia. Anafunguliwa kurasa za mwanzo asome bure, halafu anafungiwa. Kazi yangu ni kuchagua pa kumfungia. Wapo wenzangu wanaodhani ni kazi ya kuhesabu kurasa tu, na nikiwasikia nyongo inanipanda. Ukimkata mtu mapema, hajaonja kitu. Ukichelewa, ameshashiba na anaondoka zake. Unatakiwa umkate pale pale mate yanapomtoka, katikati ya sentensi ikibidi, mpaka kidole kiende chenyewe kwenye kitufe cha kununua.

Nilikuwa na kanuni yangu moja ambayo sikufundishwa na mtu. Sisomi mbele ya mkato. Nikifika mahali ambapo mimi mwenyewe natamani kufunua ukurasa unaofuata, nasimama hapo hapo, nakata, nafunga faili. Nikiendelea kusoma nitakuwa nimejua, na anayejua hawezi tena kupima kiu ya asiyejua. Kwa miaka sita nilikata vitabu zaidi ya mia tatu kwa namna hiyo, vya mapenzi, vya kilimo cha nyanya, vya kulea watoto, na meneja hakunirudishia hata kimoja. Nilijiona bingwa. Nayasema haya mapema ili usiharakishe kunihurumia.

Kitabu cha matangi kilitoka kwa mhandisi mmoja mstaafu. Kilihusu matangi ya maji yanayochimbwa chini ya ardhi uani, namna ya kuyasafisha na kuziba nyufa zake. Nilikifungua huku napiga miayo, maana kitabu cha namna hiyo unakikatia wapi? Hakuna mke aliyetoroka humo. Lakini yule bwana aliandika vizuri. Alikuelekeza hatua kwa hatua: toa maji, sugua kuta, chimbua ufa kwa patasi, jaza, subiri, paka rangi ya kuzuia maji mara mbili. Mpaka mtu asiyejua kushika nyundo angejiona fundi. Mwishoni kabisa mwa ukurasa wa kumi na tano nikakuta maneno haya: "Lakini kabla hujaweka mguu kwenye ngazi, kuna jambo moja. Wanaolipuuza hawatoki."

Ee bwana! Nilipiga meza kwa furaha. Nikakata hapo.

Wiki moja baadaye mhandisi akatuandikia. Barua yake ilikuwa fupi: ukurasa wa kumi na sita uachwe wazi kwa kila mtu, hata kwa asiyenunua. Nilimjibu kwa yale maneno tunayowajibu waandishi wote, kwamba tunathamini maoni yake na kwamba kurasa za kuchungulia huchaguliwa na wataalamu. Mtaalamu mwenyewe ni mimi. Akaandika tena, akasema hazungumzii mauzo. Safari ya tatu akapiga simu, na kwa bahati mbaya nikaipokea.

"Binti, ule ukurasa umeusoma?" akaniuliza.

"Mhandisi, nimesoma vya kutosha kujua kazi yangu."

"Sikukuuliza hivyo. Nimeuliza kama umeusoma."

Sipendi kuulizwa kama mwanafunzi. Nilimwambia kuwa kila mwandishi anaona ukurasa wake ni roho ya kitabu, na kwamba tukiwasikiliza wote tutagawa vitabu bure barabarani. Nikasikia anavyohema. Kisha akasema, "Haya. Mungu akuepushie," akakata. Niliwasimulia wenzangu nikimwigiza sauti, tukacheka mpaka machozi.

Jumapili ile nilikwenda kula chakula cha mchana kwa mama, kama kawaida yangu. Mama anaishi na mdogo wangu, tunayemwita Kitinda kwa sababu ndiye kitinda mimba wake. Kitinda ni fundi rangi. Ni mtu wa mizaha, mikono haitulii, na kitu kikiharibika nyumbani anakikimbilia kabla hujamaliza kulalamika. Sasa kilichokuwa kimeharibika ni tangi la uani, lile lililo chini ya kamba ya kuanikia nguo. Lilikuwa linavuja, na mama alikuwa amelifunga mwaka mzima, mfuniko wa chuma umewekewa jiwe juu, ndani yamebaki maji machafu ya kufika magotini.

"Nitaliziba mwenyewe," Kitinda akasema huku anatafuna. "Nimepata kitabu." Akanionyesha simu. Nikaona jalada la kitabu cha mhandisi, nikaangua kicheko.

"Umekinunua?"

"Ninunue nini? Nimechungulia. Kurasa kumi na tano zinanitosha, kila kitu kimo. Kuziba, kusugua, kupaka. Ila mwisho pale amenitisha, eti wanaolipuuza hawatoki. Jambo lenyewe ni lipi?"

Hapa ndipo ulimi wangu ulipoponza watu. Ningeweza kusema sijui, na lingekuwa jibu la kweli. Lakini mama alikuwa ananitazama, na mara nyingi alikuwa ameniuliza kazi yangu hasa ni nini, kukaa kwenye kiti mchana kutwa nikisoma robo robo. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kumwonyesha.

"Hiyo ni kazi ya mkono wangu," nikasema. "Hapo nimekata mimi, kama nilivyokata vitabu vingine mia tatu. Tunatafuta mahali pa kumtia mtu kiherehere ili anunue. Wewe umeshikwa, si ndiyo? Umeanza kuwashwa?"

"Kumbe ni mtego!" Kitinda akapiga goti lake. "Mama, umemsikia mwanao? Anatishia watu na matangi ili wanunue vitabu. Dada Mkasi, wewe utaenda motoni."

"Na wewe nunua kama wenzio, bahili mkubwa."

"Sinunui ng'o. Nimeshaujua ujanja wenu."

Tulicheka sote, hata mama. Akaniongezea chakula kwenye sahani bila kuniuliza, na hiyo kwake ndiyo sifa. Nikarudi nyumbani nimejaa.

Alhamisi saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshakaa ofisini, chai mezani, nakata kitabu cha mapenzi. Simu ikatetemeka. Ni Kitinda: "Dada, ukurasa wa kumi na sita una nini? Niambie kwa ufupi tu. Nimeshafungua mfuniko." Nilitabasamu. Nilijua ananichokoza. Nikamwandikia, "Nunua, bahili wewe!" nikaigeuza simu kifudifudi nisisumbuliwe, maana kwenye kitabu yule bwana harusi ndiyo kwanza alikuwa anapanda ngazi na barua mkononi.

Kama saa nzima baadaye meneja akaja mezani kwangu akitabasamu. "Mkasi, kile kitabu cha matangi kinatembea! Kimechunguliwa na watu elfu nne mwezi huu. Mia tatu wamenunua. Kwa kitabu cha ufundi, hiyo ni ajabu." Akanipiga bega akaenda zake.

Niliufungua ukurasa wa kitabu kile dukani ili nijifurahishe. Elfu nne, mia tatu. Sijui ni kitu gani kilinishika, lakini badala ya kuwafurahia wale mia tatu nikaanza kuwawaza waliobaki. Watu elfu tatu na mia saba wamesoma jinsi ya kushuka kwenye tangi, wamefika mwisho wa ukurasa wa kumi na tano, wakafunga simu. Baada ya hapo wamefanya nini? Wengine walikuwa wanapitisha muda tu. Wengine wamechukua ngazi.

Nikateremka mpaka chini, kwenye maoni ya wasomaji, mahali ambapo huwa siendi kwa sababu wengi wanaoandika huko wameshanunua na mimi kazi yangu inaisha kabla. Palikuwa na sifa tatu nne, za kawaida. Halafu palikuwa na maneno ya mwanamke mmoja, yameandikwa juzi saa tano asubuhi: "Samahani, ukurasa wa kumi na sita unasema nini? Naomba mnisaidie haraka. Mume wangu ameshashuka na hajibu."

Chini yake mtu alikuwa amemjibu: "Nunua ujue."

Yule mwanamke hakuandika tena.

Nilijiambia pengine ni utani, siku hizi watu wanaandika chochote, lakini mikono yangu ilikuwa imeshaanza kulitafuta faili. Nikalifungua, nikapita ukurasa wa kumi na tano, na kwa mara ya kwanza nikausoma ule wa kumi na sita. Haukuwa na maneno mengi. Mhandisi alikuwa amesema kwamba hewa ya tangi lililofungwa muda mrefu inaua, na haitoi onyo. Mfuniko uachwe wazi siku nzima, na hewa safi ipulizwe ndani kabla mtu hajashuka. Mashine ya petroli isiingizwe ndani hata kwa dakika tano, kwa kuwa sumu iliyomo kwenye moshi wake haionekani wala hainuki. Anayeshuka afungwe kamba kiunoni na juu pawe na watu wa kumvuta. Mwisho, kwa herufi nzito: aliye juu akiona wa chini hajibu, asishuke kamwe. Wengi wanaokufa kwenye matangi ni wale walioshuka kuokoa.

Nikaigeuza simu. Palikuwa na ujumbe wa Kitinda ambao sikuuona, wa saa tatu na dakika kumi: "Nilijua! Mtego ule ule. Haya nashuka, niombee nitoke, ha ha." Nikampigia. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Tena. Nikampigia mama.

"Mama, Kitinda yuko wapi?"

"Nani? Sema kwa sauti, hii mashine inapiga makelele." Na kweli niliisikia, mngurumo uliozibwa, unatoka chini.

"Mama, mashine iko wapi?"

"Iko humo humo. Eti ile pampu ya petroli ikikaa juu mpira haufiki kwenye maji, kaifunga kamba kaiteremsha."

Kamba aliifunga kwenye pampu. Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu, ofisi nzima ikageuka.

"Mwite, mama. Mwite sasa hivi."

Nikamsikia anaita. "Kitinda! We Kitinda! Dada yako anakutaka!" Kimya, mngurumo tu. "Hasikii huyu. Ngoja nichungulie." Nikasikia anavyoinama, anavyoguna kwa magoti yake. "Namwona. Amekaa. Amekaa ameegemea ukuta, kama mtu anayepumzika. Maji yanamfika kifuani. Kitinda! Mwanangu, mbona umekaa kwenye maji?" Sauti yake ikabadilika. "Hanitazami. Ngoja nishuke nimtikise."

"Mama, usishuke!"

"Kuna ngazi hapa, nitashuka taratibu."

"Mama, humo ndani hakuna hewa. Ukishuka hutatoka. Nakusomea, sikiliza." Nikamsomea. Nilisimama katikati ya ofisi, watu wote wananitazama, nikausoma ukurasa wa kumi na sita kwa sauti kubwa kama mtu anayetoa tangazo sokoni. "Aliye juu asishuke kamwe. Wengi wanaokufa ni wale walioshuka kuokoa."

"Nani kasema?"

"Kitabu, mama!"

"Kitabu hakijazaa." Nikasikia chuma kinalia. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi.

Sijui nilimwambia nini na nini. Najua nilipiga kelele, najua nilimwita kwa jina lake la utotoni ambalo hatulitumii. Nilimwambia nitabaki na nani. Nilimwambia akimbie kwa fundi seremala jirani, aite watu, apige mayowe, afanye chochote lakini asishuke. Ile ngazi ikalia tena, kisha ikanyamaza. Nikamsikia analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata baba alipofariki. Alibaki juu. Nimejaribu kulipamba jambo hili kwa kila namna na halipambiki: nilimwambia mama yangu akae juu ya shimo amtazame mwanawe. Naye akanisikiliza.

Seremala alikuja na watu wake wawili. Mmoja alitaka kuruka ndani, mama akamkamata shati akamwambia kuna kitabu kimekataza. Waliivuta ile pampu kwa kamba yake, wakaizima. Zimamoto walifika baada ya nusu saa, wamevaa vinyago na mitungi ya hewa mgongoni. Kitinda alitoka saa tano na robo. Mimi nilifika saa tano na dakika ishirini, nikamkuta amelazwa chini ya kamba ya nguo, suruali ya kazi ina madoa yake yale yale ya rangi, kafunikwa shuka aliyokuwa ameianika mama asubuhi.

Siku ya tatu baada ya kumzika, watu walipopungua, mama aliniita chumbani kwake. Alikuwa amekaa kitandani na simu ya Kitinda mapajani. Kitinda aliiacha juu, kwenye ukingo wa tangi, ili isilowe. Mama haoni herufi ndogo bila miwani, na miwani alikuwa ameivunja siku ile ile alipoinama.

"Nisomee," akasema. "Nataka kujua alikuwa anatazama nini."

Nilipoifungua ilifunguka kwenye ukurasa wa kumi na tano. Nikamsomea mstari wa mwisho. Wanaolipuuza hawatoki. Akatikisa kichwa taratibu. "Na ujumbe? Alikuwa anaandika-andika kabla ya kushuka, anacheka peke yake. Alimwandikia nani?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa hana miwani, na niliufikiria uwongo mzima mzima, mpaka jina la mtu wa kumsingizia nikawa nalo. Lakini alikuwa ananitazama kama alivyonitazama siku ya kile chakula, anangoja nimwonyeshe kazi yangu. Nikamsomea. Ukurasa wa kumi na sita una nini. Nunua, bahili wewe. Nilijua, mtego ule ule, haya nashuka.

Mama hakunipiga wala hakunitukana. Angefanya hivyo ningeshukuru. Alikunja shuka vizuri kwenye ukingo wa kitanda, akainyoosha kwa kiganja.

"Alipokuuliza," akasema, "ulikuwa unakijua kilichoandikwa huko?"

"Hapana, mama."

"Ulikuwa hujausoma?"

"Sikuwa nimeusoma. Huwa sisomi mbele ya ninapokata."

Uani watu walikuwa wanapanga viti vya kurudisha, nikasikia mmoja anauliza kama lile tangi lizibwe kwa zege. Mama akaitwaa simu mikononi mwangu, akanitazama usoni.

"Umesema vitabu ni mia tatu," akasema. "Na hivyo vingine, je?"